Nani Alipie Kiti Kitupu?

Ndege ya viti 12 inaondoka na abiria wanne. Viti vinane ni vitupu. Rubani ni yule yule, mafuta ni yale yale, ada ya kutua ni ile ile. Kilichopungua ni nauli tu. Suali ninalotaka kulitafakari pamoja na wasomaji ni jepesi kulitamka na zito kulijibu: viti vile vinane, nani avilipie? Wale wanne waliomo ndani? Mwenye ndege, kutoka mfukoni mwake? Au sisi sote, pamoja na wale ambao hawakupanda ndege siku hiyo, na huenda wasiipande maisha yao yote? Wengi watasema hili ni suali la wahasibu. Kwangu mimi ni suali la maadili, tena la kale kuliko ndege zenyewe: jamii inawiwa nini na mwenzao aliye mbali?

Katika biashara ya usafiri wa anga, safari za namna hii huitwa njia nyembamba. Mimi ni mtu wa kufasiri, na istilahi hiyo ilinishughulisha kwa siku kadhaa. Wembamba wa njia, kwa desturi ya lugha yetu, ni wembamba wa ardhi: kichochoro cha Mji Mkongwe ni chembamba, ujia wa kwendea kisimani ni mwembamba. Mbingu baina ya Unguja na Pemba haina wembamba wowote. Ni pana kama ile iliyo juu ya London. Kilicho chembamba hapa ni hesabu ya watu. Kwa hivyo fasiri ya haki, naona, ni njia ya wachache. Na istilahi ikishafasiriwa hivyo, suali hubadilika sura. Njia nyembamba inaweza kufungwa bila ya mtu kuona haya, maana wembamba ni kasoro ya njia. Njia ya wachache haifungwi mpaka kwanza tuwatazame hao wachache usoni.

Njia hiyo ina chombo chake. Ni ndege ambayo watu wetu wengi huiita ya pangaboi, kwa kuifananisha rafadha yake na feni la darini. Jina hilo limetumika pia kwa kejeli. Mwaka 2016 Tanzania ilipopokea ndege mbili za Dash 8 Q400 kutoka Canada kwa ajili ya shirika lake la ndege, wapo waliocheka kwamba dunia imeshahamia kwenye jeti nasi tunanunua mafeni. Kejeli hiyo haikupiga hesabu. Ndani ya injini ya ndege hizi mna mtambo wa gesi wa jamaa moja na ule wa jeti. Tofauti ni kwamba nguvu yake hutumika kuzungusha rafadha. Jeti hustarehe juu sana, kwenye hewa nyepesi, na safari ya nusu saa haiipi muda wa kufika huko na kutulia. Katika masafa mafupi ndege ya rafadha hula mafuta kidogo zaidi, na huridhika na uwanja mfupi. Ndiyo maana ATR, kampuni iliyoasisiwa mwaka 1981 na Wafaransa na Wataliana, imejenga jina lake juu ya ndege za viti arubaini na kitu hadi sabini na kitu. Na ndiyo maana Cessna Caravan, ndege ya injini moja iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1982, imekuwa kama daladala ya visiwa vyetu.

Hata hivyo, chombo kinachofaa hakiondoi hesabu ngumu. Gharama za ndege hazikatiki vipande vipande kama mkate. Mshahara wa marubani wa ndege kubwa hugawanywa kwa abiria 180. Wa ndege ndogo hugawanywa kwa 40, au kwa kumi, au kwa wale wanne wa mfano wetu. Zimamoto wa uwanjani, muongoza ndege, fundi wa kukagua injini, wote hao hula na kuvaa, wasafiri wawe wengi au haba. Matokeo yake ni kwamba maili moja ya mkaazi wa kisiwa kidogo aghalabu huwa ghali kuliko maili moja ya mkaazi wa jiji, ilhali wa jijini ndiye mwenye kipato kikubwa zaidi. Haba na haba hujaza kibaba, tumefunzwa hivyo tangu skuli. Lakini methali haikutwambia kibaba kikibaki nusu, nani akijazilize.

Si sisi peke yetu tuliozungukwa na maji, na inafaa kuwatazama waliolijibu suali hili kabla yetu. Kaskazini ya Scotland, katika visiwa vya Orkney, ipo safari ya ndege baina ya Westray na Papa Westray. Masafa yake ni kiasi cha kilomita 2.7. Ratiba huipa takriban dakika mbili, na upepo ulipokuwa mzuri imewahi kumalizika kwa sekunde 53. Ilianza mwaka 1967, na inatambuliwa kuwa ndiyo fupi kuliko safari zote za ratiba duniani. Ndege yake ni Islander ya injini mbili za pistoni, ndogo hata kuliko Caravan. Papa Westray yenyewe ina wakaazi wasiotimia mia moja. Watalii huipanda ndege hiyo ili wapate la kusimulia, lakini haikuwekwa kwa ajili yao. Kazi yake ni kuchukua walimu, madaktari, wanafunzi na wagonjwa. Na kwa kuwa nauli za watu hao haziwezi kuiendesha, baraza la visiwa hivyo hutoa ruzuku.

Magharibi ya nchi hiyo hiyo, katika kisiwa cha Barra, ndege ya Twin Otter itokayo Glasgow hutua ufukweni, juu ya mchanga. Maji yakipwa, uwanja upo. Yakijaa, uwanja haupo. Kwa hivyo ratiba ya ndege hufuata mwendo wa bahari. Msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa jambo hili, kwani wakulima wetu wa mwani na wapwezaji hupanga siku zao kwa bamvua na maji mafu. Kilichonivutia zaidi ni maamuzi yaliyo nyuma ya ratiba ile. Serikali ingeweza kusema: mchanga wenyewe unazama, watu wenyewe ni wachache, na nyumba ya mtu ikiwa mbali ni shauri lake. Haikusema hivyo. Ilikubali kulipa tafauti, na ratiba ikaandikwa kwa kufuata maji.

Marekani ilifika kwenye jibu kwa njia yenye kona nyingi zaidi. Kabla ya mwaka 1978, bodi ya serikali ndiyo iliyoamua kampuni gani iende wapi na kwa nauli gani. Kwa mpango huo abiria wa miji mikubwa walikuwa, bila ya kujua, wakichangia safari za miji midogo. Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyoyaacha makampuni huru kwenda yanakotaka. Ilieleweka mara moja kwamba mwenye uhuru wa kwenda ana uhuru wa kutokwenda. Ndipo ukawekwa, ndani ya sheria ile ile, mpango wa kuyalipa makampuni ili yasiiache miji midogo. Mpango huo ulikusudiwa kuishi miaka kumi. Bado upo, na mara kwa mara hutokea wa kutaka ufutwe. Ulaya nayo, ilipofungua soko lake la anga mwaka 1992, iliziruhusu serikali kuitangaza njia fulani kuwa ni ya huduma ya lazima, kisha kutafuta kampuni ya kuihudumia kwa malipo.

Wapenda soko huria huisimulia habari hiyo kama ushindi, na wapinzani wao kama msiba. Mimi naona ndani yake funzo la tatu. Mpango wa zamani uliificha gharama ya wachache ndani ya nauli ya wengi. Mpango mpya uliitoa nje na kuiandika kwenye bajeti. Sadaka ya siri inasifiwa, maana humhifadhi mpokeaji na fedheha. Lakini deni la siri ni mlango wa fitina. Deni huandikwa, tena hushuhudiwa. Basi tukiwa tunaamini kwamba mtu wa kisiwa kidogo anapewa sadaka, tumfichie. Tukiamini kwamba analipwa haki yake, tuiandike, kila mmoja aisome.

Je, ni haki yake kweli? Hapa husimama mpingaji wa kwanza, naye husema: hapana aliyelazimishwa kuishi kisiwani. Anayetaka ndege, dakitari na soko, ahamie mjini; akipenda utulivu wa shambani, avumilie bei yake. Hoja hii ina sauti ya mantiki, lakini husahau historia. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba, iliyosalimika, ikawa ndiyo ghala la karafuu la visiwa hivi. Tangu hapo vizazi kwa vizazi vya Wapemba vimepanda, vimechuma na vimeanika, na fedha ya karafuu hizo imejenga mengi nje ya Pemba. Karafuu ilipokuwa ikichukuliwa, hapana aliyesema kwamba Pemba ni mbali. Umbali ulianza kuonekana pale ilipohitajika kupelekwa kitu upande wa pili. Mwenye kuchukua kutoka mbali hawezi kugeuka na kusema kwamba umbali ni shida ya mwengine. Na hayo si ya Pemba pekee. Kila dola duniani huhesabu visiwa vyake pale inapochora mipaka ya bahari, inapokusanya kura na inapotoza kodi. Kukihesabu kisiwa kuwa ni chako ni kutoa ahadi kwamba utakifikia.

Mpingaji wa pili ana hoja nzito zaidi, na simjibu kwa wepesi. Yeye husema: mtazameni mama wa Micheweni anayefunga mwani kwenye kamba, maji yakimfika magotini. Huyo hulipa kodi kila anunuapo sukari na mafuta ya taa. Ndege hajaipanda. Mnataka senti zake zijazilize kiti cha afisa anayekwenda semina? Hiyo ruzuku yenu ni ya kumnyang'anya asiye na viatu ili kumfutia vumbi mwenye gari.

Katika hoja hiyo mna ukweli ambao lazima tuukubali: ruzuku inayompunguzia nauli mwenye nacho, kwa jina la asiye nacho, ni dhulma iliyovaa kanzu nyeupe. Lakini haki tunayoizungumzia si haki ya kupanda ndege. Ni haki ya kufikika. Mama yule huenda asipande ndege hata siku moja, na bado akaihitaji: siku mwanawe atakapohitaji damu au dawa isiyopatikana kisiwani, siku daktari wa upasuaji atakapokuja kwa zamu yake ya siku mbili, siku karatasi za mitihani zitakapotakiwa zifike kabla ya saa mbili asubuhi. Kufikika huko, kwa walio wengi, huanza na meli na barabara, na ni sawa meli itangulie kwenye bajeti. Ndege ni sehemu ya mwisho ya haki hiyo, ile sehemu ya saa ambazo haziwezi kusubiri. Kwa hivyo jibu kwa mpingaji wa pili ni kumpa nusu ya madai yake: tusiilipie anasa, tuilipie dharura na huduma, na mkaazi apunguziwe zaidi ya mpitanjia.

Kisiwani hatuna haja ya falsafa ya kigeni kutufunza uzito wa jambo hili. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama ikiwa imepakia watu kupindukia uwezo wake, na mamia wakapotea. Mwaka mmoja haukutimia, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Anga nayo haina msamaha. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya ATR 42 ya Precision Air, ikielekea Bukoba katika hali mbaya ya hewa, iliangukia Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja. Walikuwemo watu 43, na 19 walifariki. Wa mwanzo kuwafikia walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao. Nayataja haya kwa sababu moja. Tunapozungumza kuhusu kulipia njia za wachache, fikra hukimbilia kwenye nauli, ilhali nauli ni sehemu ndogo. Mtambo wa kumuongoza rubani mawinguni, boti ya uokozi kwenye uwanja ulio kando ya maji, mkaguzi mwenye ujasiri wa kuizuia meli iliyojaa: hivyo navyo ni viti vitupu. Havizalishi kitu siku 364, na kwa hivyo ndivyo vinavyokatwa mwanzo kwenye bajeti. Usalama ukigawiwa kwa kufuata wingi wa abiria, tutakuwa tumesema, bila ya kulitamka, kwamba roho ya wachache ni ya daraja la pili.

Kuna atakayesema kwamba kwetu suali hili limeshajijibu lenyewe, kwani viti vimejaa watalii. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni kweli kwamba ndege ndogo nyingi za pwani hii huzungushwa na fedha ya wageni, kutoka Mafia hadi Lamu, ambako ndege hutua kisiwani Manda na abiria wakavuka kwa mashua kuingia mjini. Bila ya wageni, baadhi ya njia hizi pengine zisingekuwepo, na kuwabeza si uungwana. Lakini njia iliyojengwa juu ya mgeni hufuata moyo wa mgeni. Huja wakati wa jua na kupungua wakati wa masika, ilhali maradhi hayana msimu. Mwaka 2020 dunia nzima ilionyeshwa jambo hili. Mwezi Machi mwaka huo kampuni ya Flybe ya Uingereza, iliyokuwa na ndege nyingi za Q400 na kuhudumia viwanja vingi vidogo, ilianguka, kwani ilikuwa dhaifu tangu kabla na maradhi ya korona yakaimaliza. Njia nyengine ziliokotwa na makampuni mengine, na nyengine zikabaki bila ya mwenyewe. Mwenyeji aliyeponea kwa mgeni hana budi kujiuliza atapona kwa nini mgeni asipokuja.

Narudi sasa kwenye vile viti vinane. Kosa letu, nadhani, ni kuvihesabu kwa siku moja. Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba, upo mnara wa taa. Kazi ya mnara wa namna hiyo si kuhesabu vyombo vilivyopita ndipo uamue kuwaka. Usiku usiopita chombo, taa huwaka vile vile, na hapana nahodha mwenye akili atakayeuita usiku huo hasara, kwa sababu anajua kwamba taa inayowaka kwa masharti si taa. Ndivyo ilivyo ratiba. Ratiba ni ahadi iliyoandikwa kwa saa na siku. Ndege inayoondoka pale tu inapojaa si ya ratiba. Ni gari la mnadani. Mwalimu anayefikiria kukubali kazi Wete au Kilindoni, mkunga, mfanyabiashara wa samaki, kijana anayetaka kubaki badala ya kuhama, wote hao hujenga maisha yao juu ya yale wanayoweza kuyategemea. Wanaitegemea ndege hata wasipoipanda, kama tunavyokitegemea kisima tusichokitekea leo.

Nasi wapenzi wa ushairi tungepaswa kulifahamu hili mapema kuliko wengine. Jarida kama hili ni njia ya wachache. Fasiri ya diwani ya mshairi wa mbali husomwa na watu wanaoweza kuenea katika ndege moja ya ATR, na viti vikabaki. Lau kila kitu kingepimwa kwa wingi wa wasomaji, tusingekuwa na ukurasa huu. Tunaudai ulimwengu utuhifadhie kidogo chetu kwa thamani yake, wala si kwa idadi yetu. Basi itakuwa ajabu kuidai haki hiyo kwa tungo na kuinyima kwa watu.

Naona alama tatu za kulitofautisha deni na hisani. Ya kwanza, bei yake iwe wazi: njia ipi inalipiwa, kwa kiasi gani, kwa faida ya nani. Ya pili, ratiba isimame wakati wa masika kama inavyosimama wakati wa wageni. Ya tatu, usalama wa uwanja mdogo usiwe mdogo. Hisani haiwezi kuhojiwa, deni huhojiwa. Wawakilishi wetu husomewa bajeti kila mwaka, ukurasa kwa ukurasa. Tuwaombe mwaka huu waulize kwa sauti: kiti kitupu cha kisiwani kimo ukurasa wa ngapi? Na kama hakimo, watwambie ni nani anayekilipia sasa, na kwa kitu gani.